King'ora cha Mteremkoni

Jumatatu, 3 Aprili

Mvua imeanza leo, na mimi nimeuanza msimu kwa hasira. Naandika humu ili nisiyaseme kwa mdomo nikafukuzwa chuo.

Profesa, msimamizi wangu, amepandisha kizingiti cha king'ora mara tatu ya kilivyokuwa. Hakuniuliza. Nimekuta kimeshabadilishwa, na neno la siri nalo limebadilishwa. Sasa analo yeye na Uhakika tu. Uhakika ni mwenzangu wa maabara, yuko mwaka wa mwisho wa uzamivu. Mimi ndiyo kwanza uzamili. Tulimpa jina hilo kwa sababu kila neno lake linaanza na "nina uhakika". Profesa akisema, yeye anatikisa kichwa kama mjusi ukutani.

Mwaka jana tulizika kebo ya nyuzi za kioo kwenye mteremko ulio nyuma ya mtaa. Chini, kwenye kibanda cha pampu ya maji, kuna kifaa kinachopeleka mwanga wa leza ndani ya uzi mwembamba kama unywele, na chembe ya mwanga huo hurudi. Udongo ukisogea, uzi unavutika, na mwanga unaorudi unabadilika rangi kidogo mno. Jicho haliwezi kuona, kifaa kinaona. Badiliko likivuka kizingiti, king'ora kinalia mtaa mzima. Weka kizingiti chini, kitalia hata pampu ikiwashwa. Weka juu, udongo utawajia watu kimya kimya.

Mwezi uliopita kililia mara mbili. Mara zote mbili ilikuwa pampu.

"Binti," Profesa akaniambia mbele ya wote, "ukimkurupusha mtu bure mara mbili, ya tatu anajifunika shuka."

"Na asipokurupushwa kabisa?"

"Unajadili kwa moyo. Hii ni takwimu."

Nikamwambia ndani ya takwimu hiyo yumo Mama Mdogo wangu, anayekaa safu ya juu kabisa ya nyumba. Uhakika akatazama meza.

Takwimu! Wafadhili wanakuja mwisho wa mwezi, na hakuna anayetaka king'ora kilie bure wageni wakiwa wanakunywa chai. Hiyo ndiyo takwimu.

Jumatano, 5 Aprili

Mvua. Uhakika kanywa chai yangu. Ana uhakika ilikuwa yake.

Alhamisi, 6 Aprili

Nimepanda kwa Mama Mdogo. Ni msusi, wateja wake hukaa kwenye kigoda barazani. Kigoda leo kilikuwa kitupu.

"Wananiita nani siku hizi, unajua?" akaniuliza hata sijaketi. "Mama King'ora. Tena si wewe, ni mimi! Yule mteja wangu alikimbia nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama ufagio. Unadhani amerudi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Na Fundi Saa hajatembea mpaka leo."

Fundi Saa ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mzee anayetengeneza saa. King'ora kilipolia mara ya pili alikimbia, akateleza kwenye mtaro, akaumia nyonga. Nilikwenda kumpa pole. Alikuwa kitandani, mguu juu ya mto. Hakuitikia pole yangu.

"Ilikuwa nini?" akaniuliza.

"Tunachunguza, mzee."

Hivyo ndivyo tulivyoagizwa kujibu, na Profesa mwenyewe.

"Wachunguze nyonga yangu basi," akasema, akageukia ukutani.

Nilishuka nikimkasirikia yeye, na Mama Mdogo, na huyo mteja wa nusu kichwa.

Jumanne, 11 Aprili

Mvua siku ya tisa mfululizo. Soksi zangu hazikauki.

Alhamisi, 13 Aprili

Leo nimeona kitu.

Kifaa hakitupi namba zake zikiwa mbichi. Kwanza zinapita kwenye kichujio alichokiandika Uhakika, ambacho ni nusu nzima ya tasnifu yake. Kichujio kinaondoa kila badiliko la polepole, kwa sababu uzi ukipata joto mchana na baridi usiku unabadilika polepole, na hilo si habari. Kinabakiza mishtuko tu. Kwa hiyo skrini yetu ina mstari mmoja wa kijani, bapa kama meza. Profesa anaupenda mstari huo.

Nilifungua namba mbichi. Kipande cha uzi kilicho nyuma ya safu ya juu kinapanda. Polepole, kila siku kidogo, tangu mvua ianze. Hakirudi chini hata siku moja.

Mteremko haushtuki. Unajivuta. Na sisi tumeandika programu ya kutupa jambo hilo hilo tulilotumwa kulitafuta!

Ijumaa, 14 Aprili

Nilimwonyesha Uhakika. Aliangalia muda mrefu.

"Ni joto," akasema. "Nina uhakika."

"Joto gani? Mvua ya wiki nzima! Udongo unapoa. Ukipoa, mstari unashuka. Huu unapanda."

"Maji ya chini ya ardhi yanaweza kuwa na joto kuliko udongo wa juu. Yakipanda, na mstari unapanda."

Ubaya ni kwamba hilo linawezekana. Uzi hauwezi kusema kama umevutwa au umepashwa joto. Kwake yote ni mamoja. Lakini kebo yetu ina nyuzi mbili. Mmoja umebanwa na ganda la kebo, unavutika nalo. Wa pili umeachwa huru ndani ya mafuta mazito. Hauvutiki, unahisi joto tu. Tukizisoma zote mbili, tunajua. Huo wa pili hatukuwahi kuuunganisha. Kila mwezi tulisema mwezi ujao.

"Tuuunganishe," nikamwambia.

"Muulize Profesa."

"Nakuuliza wewe. Kichujio ni chako."

"Ndiyo maana nakwambia umuulize Profesa," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. Mwoga. Mjusi. Ana mke mjamzito na tasnifu ya miaka mitano... najua. Hainipunguzii hasira.

Jumatatu, 17 Aprili

Profesa: "Baada ya wageni."

Jumatano, 19 Aprili

Baada ya wageni. Baada ya wageni. Nimeyaota hayo maneno.

Alhamisi, 20 Aprili

Nimechukua mashine ya kuunganishia nyuzi kabatini bila kuomba, nimeteremka nayo kibanda cha pampu. Ufunguo ninao.

Kuunganisha nyuzi za kioo kunataka mkono mkavu na moyo mtulivu. Mimi sikuwa na hata kimoja. Unamenya ganda, unapangusa uzi kwa spiriti, unaukata wima, unaulaza kwenye mashine uso kwa uso na mwenzake, cheche inapiga, zinayeyuka zinakuwa uzi mmoja. Paa la kibanda linavuja. Tone likianguka, unaanza upya. Nilianza upya hadi nikaanza kutukana paa.

Halafu mlango ukafunguka. Uhakika, na mwavuli.

"Profesa kanituma nichukue mashine."

"Chukua. Kwanza nipige."

Hakunipiga. Alisimama. Kisha akaufungua mwavuli mle mle ndani ya kibanda na kuushika juu ya mashine, matone yakawa yanamwangukia yeye mgongoni. Cheche ikapiga, kiungo kikashika. Akafunga mashine sandukuni, akaondoka nayo kwenye mvua.

Sijui nimfikirie nini. Afadhali angebaki mjusi, nilishamzoea.

Jumatatu, 24 Aprili

Uzi huru unasema udongo unapoa. Uzi uliobanwa unasema unavutwa. Hakuna maji ya joto. Mteremko unatembea.

Nilichora picha moja, mistari miwili inayoachana, nikampelekea Profesa ofisini. Kwa haki yake, aliitazama kweli. Alivua miwani.

"Siku nne," akasema. "Data ya siku nne si data. Kiungo kipya kinaweza kulegea. Unataka nihamishe nyumba zote hizo kwa kiungo ulichokifanya chini ya paa linalovuja?"

"Nataka ushushe kizingiti na uzime kichujio."

"Kikilia bure mara ya tatu, mradi huu umekufa. Ukifa, mteremko huo hautakuwa na uzi wowote, wa kweli wala wa uongo. Hilo umelifikiria?"

Sikuwa nimelifikiria. Nilichukia kwamba sikuwa nimelifikiria.

"Baada ya wageni nitakuja mwenyewe tuipime pamoja. Sasa nipe ufunguo wa kibanda."

Nilimpa. Niliutupa mezani, ukateleza, ukaanguka upande wake. Aliinama kuuokota, mtu mzima, na sikuona haya.

Jumatano, 26 Aprili

"Hama," nimemwambia Mama Mdogo. "Wiki mbili tu. Njoo chumbani kwangu."

"King'ora kimelia?"

"Hakijalia. Wamekiziba mdomo."

"Sasa mwanangu, kikilia unasema mnachunguza. Kisipolia unasema nihame. Nikusikilize lini?"

Nilipaza sauti. Sijawahi kumpazia sauti mwanamke huyu aliyenilea tangu mama afariki. Nilimwambia ana kichwa kigumu, na kwamba ataniulia mama wa pili. Alisimama, akaweka chanuo chini taratibu.

"Toka," akasema. "Ukirejewa na adabu, rudi."

Njiani nilimkuta Mwenyekiti wa mtaa, yule bwana wa tumbo mbele na sauti kama spika ya mkutano. Yeye ndiye aliyetutukana zaidi mwezi uliopita. Nilimwambia yote pale pale kwenye mvua, mistari miwili na kila kitu, nikijua atanicheka. Hakunicheka. Aliniuliza swali moja: "Kwako wewe, ungelaza mtoto wako kwenye nyumba hizo?" Nikasema hapana. Akasema, "Haya," akaenda zake.

Haya nini? Mtu mzima anasema haya na kwenda zake!

Alhamisi, 27 Aprili

Mvua kutwa. Maabara wanapanga viti na kupiga deki.

Jumamosi, 29 Aprili

Naandika shuleni, kwenye dawati la watoto, magoti yananigonga kidevu. Nitaandika kwa mpangilio, nikikosa mpangilio nitalia.

Jana asubuhi nilifungua namba mbichi kabla ya wageni kufika. Uzi uliobanwa ulikuwa umevutika zaidi tangu usiku kuliko wiki nzima iliyopita. Mstari haukuwa tena mteremko, ulikuwa ukuta. Nilikimbia ukumbini. Profesa alikuwa amesimama na wageni, tai imemkaa vizuri. Nikamnong'oneza.

"Kaa chini," akasema bila kugeuka, akitabasamu.

Nyuma yake, kwenye skrini kubwa, mstari wa kijani. Bapa. Uhakika yuko kwenye kompyuta, tayari kuonyesha. Nilimtazama. Nilimwambia kwa sauti iliyofika safu ya mbele: "Angalia mbichi." Nikatoka.

Sikumbuki nilivyofika mtaani. Nilianza na safu ya juu, mlango kwa mlango. Wengine walifunga. Mmoja aliniuliza kama nimelipwa. Mama Mdogo alikuwa na mteja kigodani, wa kwanza wiki hiyo, akakataa hata kuniangalia. Nilimshika mkono, akauvuta, nikaushika tena. Tulikuwa tunavutana hivyo, kama watoto, king'ora kilipolia.

Watu wawili duniani walikuwa na lile neno la siri, na mmoja alikuwa ameniambia nikae chini.

Na je, watu walikimbia? Hawakukimbia! Walitoka milangoni, wakatazamana, wengine wakacheka. "Wanachunguza hao!" Profesa alisema kweli, ya tatu watu wanajifunika shuka. Alisema kweli, na ndipo nilipomchukia zaidi, kwa sababu shuka hilo walifunikwa na sisi.

Aliyewatoa ni Mwenyekiti. Alipanda na ile sauti yake akiwaita kwa majina, kwa madeni yao, kwa aibu zao, mmoja mmoja. "Wewe uliyekimbia harusi yako mwenyewe, leo ndiyo unaona tabu kukimbia?" Walitoka wakitukana, lakini walitoka. Mama Mdogo alitoka na mteja wake na chanuo.

Fundi Saa alikataa. Mwenyekiti na vijana wawili waling'oa mlango wa kumbebea. Aliushika ubavu wa kitanda kwa mikono yote miwili.

"Mara ya kwanza nilikimbia, hakuna aliyeniambia kwa nini. Ya pili nikavunjika, hakuna aliyeniambia kwa nini. Niacheni na saa zangu."

Walivuta. Alilia kwa maumivu. Wakamwacha, wakasema watarudi na daktari.

Tulilala shuleni, daktari akiwa hajapatikana. Mvua ikakatika, na mwanga wa leo ulipotoka, watu wakaanza kunung'unika kwamba wamelala sakafuni bure. Walitaka kurudi. Mwenyekiti alikuwa ameweka kiti katikati ya njia ya kupandia na kukikalia tangu alfajiri. Binti wa Fundi Saa, nesi, alitoka zamu ya hospitali akaja moja kwa moja, bado na sare yake.

"Nipishe, baba yangu yuko juu."

"Hupiti."

Alimsukuma. Alimpiga kofi. Mwenyekiti alimshika viganja vyote viwili akakaa navyo hivyo hivyo kitini, anapigwa kwa kichwa, anasema hupiti, hupiti mwanangu, daktari anakuja tupande pamoja.

Wakati huo huo mteremko ukashuka.

Haukupiga kelele niliyoitarajia. Ulikuwa kama mtu anayeburuta kabati kubwa chumba cha pili. Safu ya juu yote haipo. Baraza la Mama Mdogo halipo. Nesi aliacha kupiga.

Jumanne, 2 Mei

Tumemzika Fundi Saa.

Profesa amezungumza redioni. "Mfumo umefanya kazi kama ulivyopangwa." Nilikuwa namenya viazi, nikajikata kidole.

Na wakati huo huo Uhakika ameitwa mbele ya kamati kwa kubadili kizingiti mbele ya wafadhili bila idhini.

Jumatano, 3 Mei

Nimeingia ofisini kwa Profesa bila kubisha. Mkuu wa idara alikuwepo. Vizuri zaidi.

"Kama mfumo ulifanya kazi," nikasema, "kosa la Uhakika ni lipi? Na kama Uhakika alikosea, mfumo ulifanya kazi gani?"

"Binti, punguza sauti."

"Nimepunguza mwezi mzima."

Alimtazama mkuu wa idara, halafu akatazama mikono yake. Nikaona hajanyoa, na kola yake chafu. Sikumwonea huruma. Niliona tu.

Jumapili, 7 Mei

Kesi ya Uhakika kwenye kamati imefutwa. Hakuna aliyeomba radhi.

Uhakika amekuja na kompyuta. Mkewe amejifungua jana, wa kike. Nikampa hongera, akapokea haraka haraka kama mtu aliyebeba kitu kizito.

"Naiandika upya sura ya kichujio," akasema. "Nionyeshe kila mahali kilipotupa."

"Itakula mwaka."

"Najua."

Tulikaa mpaka jioni. Nilimuuliza ilikuwaje pale ukumbini. Akasema alifungua namba mbichi, akaona, na mikono ikatangulia. "Nilipoketi tena, mgeni mmoja akaniletea maji."

Jumamosi, 13 Mei

Mkutano darasani. Upande wa pili wa mteremko bado umesimama, na chini yake kuna nyumba nyingi kuliko zilizokwenda. Kebo ya huko inafanya kazi. Tumeunganisha nyuzi zote mbili. Kimebaki kizingiti, na safari hii sikutaka kipangwe maabara. Mwenyekiti alinipa nafasi.

Nikawauliza: "Ili kisikose siku ya kweli, lazima kiwakurupushe bure siku nyingine. Mtavumilia mara ngapi kwa msimu?"

Ghasia. "Hata mara moja!" "Kumi!" "Wewe wa kumi una miguu ya kukimbia!" Mama Mdogo, ambaye sasa analala kitandani kwangu na mimi sakafuni, akasema mara nne, na anayetaka pungufu akaishi na mama yake.

Nesi akasimama.

"Baba hakukataa kukimbia. Alikataa kukimbia bila kuambiwa. Mngekuja mkamwambia ni pampu, angewatukana, lakini angejua. Alikaa na nyonga yake mwezi mzima akingoja mtu aje. Nne ni sawa. Kila mara kikilia bure, nani atakuja kutuambia?"

"Mimi," nikasema. Mimi ndiye niliyemjibu mzee tunachunguza.

"Wewe mwanafunzi, utamaliza uondoke." Akageukia mlangoni. "Yeye?"

Profesa alikuwa amesimama pale tangu mwanzo. Hakuna aliyempa kiti, mimi nikiwa wa kwanza kutompa.

"Nitakuja," akasema.

"Hata mvua inanyesha?"

"Hata mvua inanyesha."

"Andika namba yako."

Alipita katikati ya madawati, akachukua chaki, akaandika namba yake ya simu ubaoni, chini ya hesabu za watoto za kujumlisha. Bado nina hasira naye. Nadhani nitakuwa nayo nikizeeka. Alipoweka chaki chini, Mama Mdogo, asiyemwamini mtu yeyote, alikuwa ameshatoa simu yake anabonyeza, anatazama ubao, anabonyeza.

Simu ikalia mfukoni mwa Profesa. Mama Mdogo hakuikata, na darasa zima likawa linaisikiliza ikilia.